Mtoto Wako Anaomba Muda

Mwaka jana mama yangu alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Sisemi kwa mafumbo. Iliandikwa hivyo kwenye simu yake, kwa herufi nyeupe juu ya rangi ya buluu, pamoja na onyo kwamba mtoto wa umri huo haruhusiwi kuwa na akaunti, na kwamba baada ya siku kumi na tano kila kilichomo kitafutwa. Alikuwa ameshazika mume, amelea watoto sita, na magoti yake yalijua mvua kabla ya redio. Lakini simu haikuuliza magoti.

Mimi nina duka la kompyuta Kitale, nyuma ya soko, lile watu huliita saiba. Kazi yangu kubwa ni kuwajazia watu fomu, na katika kila fomu swali linalofuata jina ni tarehe ya kuzaliwa. Nimeona mengi katika kisanduku hicho kidogo. Kuna aliyetaka kupunguza miaka minne ili akaandikishwe jeshini. Kuna aliyetaka kuongeza miwili apate kazi ya hoteli. Kuna mwanamume mwenye mvi aliyeniomba nimfanye kijana kwa sababu ya mchumba. Wote niliwafukuza. Nilibandika karatasi ukutani, nikaiandika kwa kalamu nyekundu: HAPA HATUPUNGUZI WALA HATUONGEZI UMRI. Wateja walinitania kwamba ninauza miaka kama nyanya, bei moja, hakuna kuongea. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai, na hakuna kilichonichemsha kama mtu kunitazama machoni huku anadanganya siku aliyozaliwa.

Nilikuwa na sababu. Alasiri moja msichana wa gredi ya sita, bado na sare ya shule, alilipia nusu saa. Nilipopita nyuma yake nikaona anaandikiana na mwanamume aliyekuwa akimuuliza wazazi wake hutoka nyumbani saa ngapi. Nilimuuliza aliingiaje kwenye mtandao ule wa watu wazima.

"Ilisema niweke mwaka," akasema, "nikaweka wa mum."

Nilizima kompyuta, nikafunga duka, nikamsindikiza mpaka kwao. Kwa hiyo redio ilipoanza kuzungumzia masharti mapya, kwamba kampuni za mitandao zitalazimika kuhakikisha umri wa kila anayeingia, nilipandisha sauti. Wapigaji simu walibishana. Mmoja alisema serikali inataka tu kutuchungulia. Mwingine akauliza mtoto asiye na kitambulisho atajulikanaje kuwa ni mtoto, na mtu mzima naye kwa nini apeleke uso wake kwa watu asiowajua, huko ng'ambo, wauweke wapi. Niliyasikia yote na bado nilikuwa upande wa sheria. Shamba la mahindi huwekewa uzio, nilimwambia jirani yangu fundi cherehani. Sikujua kwamba katika watu wote ninaowajua, wa kwanza kunaswa na uzio huo atakuwa mama yangu.

Alinipigia asubuhi, ukungu wa Kitale ukiwa bado umekaa juu ya paa za soko.

"Mayi," akasema, "simu imenifungia baba yako."

Mayi ni mama kwa lugha yetu, Kibukusu. Mimi ndiye niliyepewa jina la mama yake mzazi, ambaye alifariki mwaka mmoja kabla sijazaliwa, na tangu nizaliwe mama hajawahi kuniita kitu kingine. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila mama humwita binti yake mama. Nikifika nyumbani ananiwekea kigoda cha bibi, kile chenye mguu uliotengenezwa upya, na hakuna mwingine anayekikalia.

Kuhusu baba, alikuwa amefariki miaka mitatu kabla ya hapo. Alilima tumbaku Malakisi maisha yake yote. Mwishoni, kifua kilipomkataza kubeba mizigo, mama alianza kumrekodi kwa simu: baba akifunga majani kwenye fito, baba akichochea moto wa tanuri la kukaushia, baba akiimba wimbo wa kupalilia ambao maneno yake aliyabadilisha kila siku ili amchokoze mama. Video kumi na tisa, fupi fupi. Aliziweka kwenye akaunti yake ili wenzake wa kwaya wazione. Kisha ile simu ya zamani ikatumbukia kwenye pipa la maji wiki chache baada ya mazishi, nayo ikafa. Baba akabaki kwenye akaunti tu. Kila alasiri, kuku wakishalishwa, mama alikaa barazani na simu mpya niliyomnunulia, akamsikiliza mume wake.

"Ulibonyeza nini?" nikamuuliza.

"Sikubonyeza kitu. Iliniuliza swali, nikajibu vizuri, ikanifunga. Ati mimi ni mutoto."

Jumamosi nikafunga duka nikaenda. Malakisi hunifanya nitembee kama mtu aliyeamshwa kabla ya usingizi kuisha. Tanuri la baba halina paa tena, mbigili zimeota ndani, lakini ukisimama mlangoni jua likiwa kali, matofali bado yanatoa ile harufu tamu ya majani yaliyoiva. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Nilikuwa karibu kusikia fito zikigongana, na baba akikohoa, akiniuliza kama Kitale kumenyesha. Kuku akapita, nikakumbuka kilichonileta.

Mama alikuwa ameweka kigoda tayari. Nikachukua simu, nikasoma.

"Ilikuuliza nini, Mama?"

"Ilisema niweke tarehe ya kuzaliwa. Nikaweka."

"Gani?"

Akainuka, akaingia chumbani, akarudi na Biblia. Ndani ya jalada, kwa mwandiko mzuri wa mchungaji, kulikuwa na siku, mwezi na mwaka. Mwezi wa nane, miaka kumi na miwili iliyopita. Juu yake mchungaji alikuwa ameandika: Amezaliwa mara ya pili.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Na kosa lilikuwa langu pia, maana ni mimi niliyeiweka simu ile katika Kiswahili ili isimsumbue. Kwa Kiswahili cha kanisani kwao, mtu akikuuliza ulizaliwa lini, haulizi habari za mkunga. Anauliza habari za wokovu.

"Hii ni siku uliyookoka, Mama."

"Si ndiyo. Sasa hiyo ingine ya kwanza nani anaijua ilikuwa rini?"

"Kitambulisho kinasema tarehe moja, mwezi wa kwanza."

"Hiyo siku ni ya karani," akasema. "Tulikuwa laini mrefu, yeye alikuwa na haraka, akatuandikia sisi wote moja. Karani alikuwa hapo nikizaliwa?"

Hilo ni kweli. Ukipita kijijini kwetu siku ya mwaka mpya, karibu kila mzee unayekutana naye anatimiza miaka, na hakuna anayejua. Baba alijua umri wake kwa rika aliloingia nalo jandoni. Majina ya marika kwetu ni machache na yanazunguka. La mwisho likiisha, la kwanza linarudi, na vijana wa leo wanaweza kubeba jina la rika la babu za babu zao. Wanawake hawakupewa hata hilo. Mama aliambiwa tu kwamba alizaliwa msimu ambao nzige walikula wimbi lote shambani. Nzige wamekuja mara ngapi, sijui.

Nilimwambia asijali, hii ni kazi yangu. Simu ilitoa njia tatu za kuthibitisha umri. Ya kwanza ilikuwa uso: mashine ingemtazama na kukadiria miaka yake. Nikamkalisha penye mwanga. Akavua kitambaa cha kichwa, akakirudisha, akakivua tena. Simu ikamwambia ageuke kushoto, ageuke kulia, afungue mdomo. Alifanya yote kwa adabu, kama mtu aliye mbele ya daktari. Kiduara kikazunguka. Kisha yakatokea maneno, nami nikamsomea: "Tumemtambua mtu mzima. Tafadhali mpe simu mtoto mwenye akaunti hii."

Mama akageuka akatazama nyuma yake. Naapa aligeuka. Hapakuwa na mtu, ila kuku na ile kamba ya kuanikia nguo.

"Hakuna mutoto hapa," akaiambia simu.

Njia ya pili ilikuwa kitambulisho. Kila siku nawaambia wateja wangu wasitume picha za vitambulisho ovyo, kwa kuwa hujui zinalala wapi wala nani anazifunua. Siku ile nilitii simu kama mtoto wa shule, nikapiga picha mbele na nyuma, nikatuma. Jibu likaja kabla chai haijachemka. Tarehe ya kitambulisho haikulingana na ya akaunti. Ili kuibadilisha, mwenye akaunti aweke alama kwenye kisanduku chenye maneno haya: Ninakiri kwamba tarehe ya kwanza niliyoandika haikuwa ya kweli.

Nikamsogezea. "Gusa hapo tu, Mama, tumalize."

Akaniomba nisome tena. Nikasoma. Akaweka simu kwenye mapaja, akaifunika kwa leso.

"Siwezi," akasema.

"Mama, ni kisanduku."

"Kukiri si kisanduku."

Nilianza kueleza, sauti ikapanda. Nikamwambia kampuni haijui habari za wokovu, haimjui yeye, haimjui mchungaji. Nikamwambia zimebaki siku chache na baba atafutwa kama vumbi ubaoni. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na hofu, maana mimi pia nilizihitaji zile video. Nilikuwa sijaenda kumwona baba miezi yake miwili ya mwisho. Msimu wa fomu za shule, nikasema, nitakuja wiki ijayo. Sauti yake ya mwisho sikuisikia ila humo.

Aliningoja nimalize. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Siku ile iliyoandikwa kwenye Biblia hakubatizwa peke yake. Baba, ambaye kwa miaka yote alimsindikiza kanisani akaishia mlangoni, asubuhi ile alivua viatu bila kumwambia mtu, akaingia naye mtoni.

"Tulitoka kwa maji tumeshikana mkono," akasema. "Mbele ya watu. Baba yako hakuwahi kunishika mkono mbele ya watu. Sasa mimi niandike hiyo siku haikukuwa ya kweli, ndio wanirudishie yeye? Nitamtazama na macho gani?"

Nilirudi Kitale nikiwa nimenuna. Kisanduku kile ningeweza kukigusa mwenyewe alipokwenda kukamua ng'ombe, sidanganyi, nililiwaza. Lakini alikwenda na simu.

Bado kulikuwa na njia ya pembeni: mwenye cheti cha kuzaliwa angekituma bila kukiri lolote. Jumanne nikaenda Bungoma mjini, ofisi ya vyeti. Karani alikuwa mpole, kijana mwenye tai. Akaniuliza kama mama ana kadi ya kliniki. Nikamwambia kliniki wakati ule ilikuwa shangazi mwenye wembe. Akaandika kitu, akakifuta.

"Basi aje na mzazi wake," akasema. "Ama mtu yeyote alikuwa hapo akizaliwa."

Tulitazamana. Akaanza kucheka yeye kwanza, nami nikacheka. "Si mimi, dada," akasema. "Ni fomu inasema hivyo."

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za ofisi, watu wakinipita na bahasha zao za kaki. Kila mmoja alikuwa amekuja kuthibitisha kwamba alizaliwa. Niliwatazama jinsi walivyozishika bahasha kifuani, na kwa mara ya kwanza niliona haya kwa sababu ya ile karatasi yangu nyekundu ukutani. Si kwamba waongo hawapo. Lakini nilikuwa nimewafukuza watu kadhaa bila kuwauliza hadithi.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Malakisi zikiwa zimebaki siku nne. Mvua ilianza mchana, ile ya mabati yote, ambayo watu wakitaka kusikilizana lazima wasogeleane. Tulikaa mlangoni, mama kwenye kiti chake, mimi kwenye kigoda, simu katikati yetu juu ya sufuria iliyofunikwa. Sikuwa na mpango. Nilikuja, nadhani, kukaa naye tu mpaka siku ziishe.

"Na hiki cha chini," akauliza, "kinasema nini?"

Ilikuwa njia ya tatu. Nilikuwa nimeiona tangu mwanzo nikaipita, maana haikutuhusu.

"Hiyo ni ya watoto wa kweli. Kinasema mtoto anaweza kubaki na akaunti yake kama mzazi wake amekubali kumsimamia."

Maji yalikuwa yakishuka kwenye ukingo wa paa kama ushanga. Nilidhani hakusikia kwa sababu ya mvua, nikajiandaa kurudia.

"Si uko hapa," akasema.

Hakuwa akitania. Alinitazama vile alivyonitazama maisha yangu yote nikiingia mlangoni na vumbi la safari, akimwona mtu mwingine na mimi pia, wote wawili kwa wakati mmoja bila taabu. Nikahisi kigoda chini yangu, ule mguu wake mpya usiolingana na mingine. Aliyekikalia kabla yangu alikuwa hapo siku ya nzige. Ni yeye peke yake ambaye angemjibu karani.

Fomu ilikuwa fupi. Iliuliza uhusiano wangu na mtoto: mama, baba, mlezi. Kidole changu kilisimama hewani. Nina miaka kumi na mmoja katika kazi hii na sijawahi kumwandikia mtu neno nisilolikubali. Ningeweza kuchagua mlezi, na hakuna ambaye angenilaumu.

Nikachagua mama.

Ikataka uso wangu na kitambulisho changu, nikavitoa, nikijua vinaenda nisikokujua. Kiduara hakikuzunguka hata mara mbili kabla ya kukubali kwamba mimi ni mtu mzima. Hilo liliniuma kidogo. Mwishoni ikaniomba nithibitishe kwamba yote niliyoyasema ni kweli.

"Umeandika nini?" mama akauliza.

"Nimeandika mimi ni mama yako."

"Eeh," akasema, kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua ni maji.

Akaunti ikafunguka. Mtoto alikuwa amewekewa masharti mengi: asiandikiwe na watu asiowajua, asitazame mambo ya kamari, asizidishe saa moja kwa siku. Mama hakuyasikiliza. Alikuwa ameshampata baba mlangoni mwa tanuri, mwenye kofia yake iliyochanika, akiimba kwamba mwanamke wa nyumba hii anapalilia kwa mdomo huku jembe limelala. Tulimsikiliza tukiwa tumeegemeana, mvua nje na moto wake ndani ya simu. Nilipomsikia akikohoa katikati ya wimbo, nililia, na mama akaniacha nilie. Alirudia kila video mara mbili, tatu. Ndipo skrini ikageuka buluu katikati ya neno. Muda wako wa leo umekwisha. Mwombe mzazi wako.

Mama akanipa simu kwa mikono miwili.

"Mayi," akasema, "niongezee."

Siku hizi masharti hayo yamehamia kwenye simu yangu. Niko saiba, namjazia mtu fomu, na ile karatasi nyekundu haipo tena ukutani. Siku hizi nauliza kwanza. Kila alasiri, saa kumi na kitu, simu inatetemeka mezani: Mtoto wako anaomba muda zaidi. Hivyo ndivyo ninavyojua kwamba kuku wameshalishwa, magoti yamekubali kufika barazani, na baba anaimba. Nagusa ndiyo, kisha naendelea na mteja.

Juzi nilisoma masharti yote mpaka chini. Yanasema kwamba mtoto akifikisha miaka kumi na minane hatahitaji tena ruhusa ya mzazi, na mzazi hatapata tena ujumbe wowote. Mama ana miaka kumi na mitatu sasa. Namwombea afike huko, kila siku namwombea, lakini sijamwambia kwamba akifika ataacha kuniomba.